Nilichoma Ekzosi kwa Mkono Wangu, Lawama Akabeba Fundi

Mama Hosiana, salaam kutoka huku juu Mgeta. Safu yako naisoma kila Jumatano, gazeti likichelewa naisoma Alhamisi, ila sikuwahi kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakuandikia. Nakuomba unisaidie mawazo na jina langu ulifiche, maana jambo hili nimelibeba miezi minne sasa na hata mke wangu Martina halijui lote.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu, nalima karoti na kabichi, na nina pikapu ya zamani ya petroli ninayoshushia mzigo Morogoro mjini. Mwaka jana injini yake ilikufa kabisa, nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Mafiga anaitwa Winfrida, binti wa miaka thelathini na kidogo, mwenye gereji yake mwenyewe na anayesifika kwa injini, akaifungua yote akaijenga upya kuanzia chini, na kwa kuwa ekzosi ya zamani ya kutolea moshi ilikuwa imeoza akachomelea mabomba mapya manne yanayotoka kwenye injini, kazi safi, hata mimi nisiyejua niliona ni safi. Siku ya kunikabidhi alinieleza taratibu kwamba injini bado ngeni, mwezi mzima nisibebe mzigo mzito, na nikisikia mlio wowote nisioujua nisiguse kitu, nimrudishie yeye. Nikaitikia sawa, sawa mwanangu, huku akili yangu iko kwenye mbolea iliyokuwa inanisubiri dukani.

Wiki ya pili nikapakia mifuko ya mbolea mpaka springi zikalala, nikaanza kupanda nayo, na kwenye mwinuko injini ikatoa mlio kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Rafiki yangu Twalibu, mwenye lori, anayeijua barabara ile kuliko mtu yeyote, akasimama akasikiliza, akasema taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha petroli, imekaa vibaya, nilegeze bolti ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche, niizungushe kidogo mpaka mlio uishe. Nikachukua spana nikaizungusha mwenyewe, mlio ukaisha kweli, na sikufichi mama, nilijiona fundi, nikaendesha huku napiga mluzi.

Siku tatu baadaye nikiwa napanda tena gari likakosa nguvu, nikasikia harufu ya kuungua, nikafungua boneti nikakuta yale mabomba manne yamekuwa mekundu kama makaa ya jikoni, nyaya za jirani zimeyeyuka na moshi unatoka. Niliogopa sana, na nadhani woga ule ndio uliogeuka hasira. Mimi ni mwenyekiti wa kundi la WhatsApp la wasafirisha mboga, tupo zaidi ya mia mbili, nikapiga picha, nikabonyeza simu nikarekodi sauti, nikasema: "Winfrida wa Mafiga amenijengea bomu. Ndiyo malipo ya kumpa mwanamke injini." Sauti ile ikatoka kwenye kundi letu ikaingia makundi mengine, hata watu wa Gairo waliisikia.

Winfrida alinipigia siku hiyo hiyo akaniomba aje alione gari. Nikamwambia asikanyage kwangu. Kesho yake asubuhi akaja hivyo hivyo, amepanda ule mlima na mkoba wake wa vifaa begani, nami nikamwagiza mke wangu aseme sipo na gari halipo, na gari lilikuwa nyuma ya nyumba limefunikwa turubai. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama kidogo, akamshukuru mke wangu, akageuka.

Nikabadilisha nyaya nikaendelea kuendesha polepole. Mwezi uliofuata nilikwenda Gairo kutafuta mbegu za karanga, mabomba yakawa mekundu tena, nikaelekezwa kwa fundi mtu mzima anaitwa Athanas. Yeye hakuwa na haraka. Alitazama kwanza kama ni bomba moja au yote, akasema yangekuwa moja angetafuta ubovu kwenye silinda moja, lakini haya yameiva sawasawa yote. Akakagua chujio la hewa, akakagua kabureta kama inavuta hewa pembeni, hakuna kitu. Halafu akaunganisha taa yake ya taimingi, akamulika. Akanieleza kwamba cheche inachelewa, petroli haimalizi kuungua ndani ya silinda, inakwenda kumalizikia kwenye ekzosi, na ndiyo maana mlio unapotea lakini mabomba yanaiva. Akafuta grisi kwa kitambaa, akanionyesha mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nusu uko kwenye distributa na nusu kwenye injini, na nusu hizo zimeachana upana wa kidole. Akasema, "Aliyejenga injini hii aliweka alama. Kuna mtu ameisogeza. Nani?"

Mama, nilimjibu sijui.

Akairudisha kwenye alama, na tangu siku ile yale mabomba hayajawahi kuwa mekundu, hata nikipanda na mzigo.

Sasa Winfrida gereji amefunga. Wenye malori waliacha kumpelekea kazi mmoja mmoja, na leo anachomelea mageti kwenye karakana ya mtu. Mwezi uliopita tulikutana sokoni uso kwa uso, nikatamani ardhi ipasuke. Aliniamkia shikamoo baba, kwa adabu zote, akaniuliza, "Gari linaendeleaje?" Nikasema vizuri, nikaondoka karibu nikimbie.

Twalibu ananiambia niache, yamepita. Mimi nimewaza kumtumia wateja kimyakimya bila yeye kujua wametoka kwangu, au kumpelekea mboga. Kusema wazi naogopa, nani atanisikiliza tena kwenye kundi lile, na tena nahofia nitamtonesha kidonda ambacho labda kimeanza kufunga. Nifanye nini? Usingizi sipati.

Mkulima wa Mgeta

MAMA HOSIANA ANAJIBU

Ndugu yangu, pole. Naisema kwa moyo, kwa sababu mtu asiye na utu angelala fofofo na wewe hulali. Majina yote nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Ila kumbuka kwamba la binti yule wewe hukulificha.

Kuzungusha distributa ni kutokujua, na hakuna aliyezaliwa anajua kila kitu. Uliogopa moto kwenye gari lako, hilo nalo naelewa. Lakini ile sentensi kuhusu mwanamke na injini haikutoka kwa Twalibu wala kwenye mabomba, ilikuwa ndani yako tayari ikingoja siku. Kisha ukamfungia mlango mtu pekee ambaye angegundua tatizo kwa dakika kumi, ukamtuma mkeo aseme uongo getini, na kule Gairo ulipoulizwa swali la wazi ukasema hujui. Hapo hukuwa hujui tena.

Unasema unahofia kumtonesha kidonda. Nani kakwambia kimeanza kufunga? Soma tena alichokuuliza sokoni. Hakukuuliza kwa nini ulimtukana. Aliuliza gari. Fundi aliyejenga injini kwa mikono yake na akaambiwa imekuwa bomu, akanyimwa hata kuiona, anaifungua na kuifunga upya kichwani kila siku. Miezi minne binti huyu anatafuta kosa ambalo halipo. Jibu unalo wewe, na unalikalia.

Kwa hiyo wateja wa kimyakimya acha, na mboga acha. Hivyo vingekupa nafuu wewe, yeye angebaki na swali lake.

Anza na Martina. Mwambie yote leo, kwa sababu ulimtumia na ana haki ya kujua alisema uongo kwa ajili ya nini. Halafu nenda kwa Winfrida kabla hujaandika neno lolote kwenye simu. Nenda na gari, mfungulie boneti, mwonyeshe alama yake, na umwambie: niliisogeza mimi. Usianze na Twalibu. Alikupa ushauri mbaya, lakini spana ilikuwa mkononi mwako. Mwombe radhi kwa injini, kisha umwombe radhi nyingine kwa ile sentensi, usizichanganye. Usimweleze jinsi unavyokosa usingizi, hilo si la kwake kulibeba. Nyamaza umsikilize, hata akisema mambo mazito. Wewe ni mtu mzima, utayastahimili.

Baada ya hapo rekodi sauti, si maandishi, kwenye kundi lile lile, kwa jina lako kamili, na uombe isambazwe kama ilivyosambazwa ya kwanza. Mwombe fundi Athanas naye aseme alichokiona, lakini kwanza mrudie umwambie kwamba swali lake ulilijibu uongo. Wakikuvua uenyekiti, waachie. Huenda wasikuvue, lakini usiende ukitegemea hilo.

Na kama Winfrida atakataa kukusamehe, au atakwambia uondoke kwake, ondoka kwa heshima, na ile sauti uitume siku hiyo hiyo. Kumsafishia jina ni deni lako, awe amekusamehe au hajakusamehe.

Jumamosi unashuka na mzigo. Usipite sokoni kwanza. Geuza gari uende kwenye karakana anakochomelea mageti, uzime injini, ushuke. Karoti hazitaoza kwa saa moja.