Mapeasi ya Chumba cha Joto

Jumatatu, 9 Februari

Nimetwanga mapeasi tangu saa mbili asubuhi. Kinu kidogo cha kauri, mchi wake, na naitrojeni ya kimiminika inayofuka moshi wa baridi kama chungu cha mganga. Kipande cha peasi kinaganda, kinageuka unga. Mlinzi akipita dirishani huniuliza kisamvu kitaiva saa ngapi. Miaka ishirini na sita ya ufundi wa maabara na bado naonekana mama lishe.

Mapeasi ni ya Nkwimba, binti wa Kisesa anayefanyia utafiti wake wa shahada ya uzamili hapa kituoni. Yametoka Lushoto, yamechumwa mabichi. Nusu yamewekwa chumba cha baridi, nusu chumba cha joto, digrii ishirini usiku na mchana. Peasi ni tunda lenye makuu. Embe likichumwa linaiva lenyewe. Peasi linataka kwanza lipigwe baridi wiki kadhaa. Jeni zinazoamuru gesi ya kuivisha itengenezwe huwa zimelala; baridi ndiyo huziamsha. Bila baridi linabaki jiwe mpaka linyauke. Ndivyo vitabu vinavyosema. Nkwimba anataka kujua kama ya Lushoto nayo yanatii vitabu. Kila wiki tunatwanga, mashine inasoma jeni ipi imeamka.

Kwenye kioo cha mlango wa chumba cha joto kuna tangazo: MARUFUKU KUINGIA NA TUNDA LA NJE. Tunda lililoiva hutoa gesi, na gesi hiyo huamsha majirani. Mwandiko ni wangu. Mzuri, ingawa najisifu.

Jumatano, 11 Februari

Mama mkwe ametuma vichane vinne vya ndizi sukari kutoka Muleba, kwa basi. Zamani foleni ya pantoni pale Busisi ilizifikisha zikiwa njano. Sasa kuna daraja, zinafika kijani kibichi. Maendeleo. Alipiga simu hata kabla sijafika stendi. "Ugawe na wenzako kazini, baba, wajue una ukweni." Mhaya hatumi zawadi kimya.

Nimezipeleka kazini kweli. Mpaka hapo nilikuwa mkwe mwema. Halafu nikafikiria chumba cha chai. Wenzangu ni nzige; saa nne wangebakiza maganda. Nikaziweka kabatini, chini ya sinki, chumba cha joto. Joto lake zuri, haliyumbi. Ndizi mbichi haina gesi ya kutisha. Nitazitoa kabla hazijageuka.

Uchoyo tu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 17 Februari

Zimegeuka. Nimekula sita. Tamu mno.

Sijazitoa. Nimejiambia nikizila upesi hazitapata muda wa kutoa gesi. Mtu mwenye cheti cha maabara, jamani.

Mama mkwe kapiga. Wenzako walisemaje? Nikasema wamefurahi, wanakushukuru sana. Akacheka kwa raha. Nikala ya saba.

Jumatatu, 23 Februari

Mapeasi ya chumba cha joto yamelainika. Nkwimba aliminya la kwanza, la pili, la tano, akaniita. Tukatwanga. Mashine ilipomaliza, saa tisa alasiri, mstari ulikuwa umepanda kama ngazi za nyumba za mlimani Mabatini. Jeni ya gesi iko macho. Bila hata siku moja ya baridi.

Akapiga vigelegele. Akanikumbatia, binti ambaye kawaida shikamoo yake huitoa akiwa mita tano. "Mzee Magesa, ya kwetu hayahitaji baridi! Vitabu vimekosea!"

Nilifurahi. Kweli kabisa, dakika nzima. Halafu nikaenda sinki kunawa mikono, mguu ukagonga kabati.

Jumanne, 24 Februari

Nimefika kazini saa kumi na mbili na nusu. Nimetoa zilizobaki, kichane kimoja na nusu, zimeanza kuwa nyeusi, ndani ya mfuko wa saruji. Mlinzi kaniuliza nimebeba nini. Nikasema takataka. Jibu langu pekee la kweli wiki hii.

Alhamisi, 26 Februari

Dokta anayemsimamia Nkwimba yuko Morogoro, lakini leo sauti yake kwenye simu ilijaa maabara nzima. Anataka binti asimame mbele ya watafiti wa matunda, Dodoma, tarehe kumi Machi. Wakulima wasio na vyumba vya baridi wataambiwa hawavihitaji. Nkwimba ameshaandika kurasa tisa. Jina langu kaliweka kwenye shukrani. "Kwa uangalifu wake." Nimesoma mara tatu.

Nikinyamaza, siku moja mtu atarudia jaribio lake, mapeasi yatabaki mawe, na atakayeitwa mwongo ni yeye. Mimi nitakuwa nimestaafu, nalima matikiti kijijini Majita. Nikisema, matokeo yanakufa. Ufadhili wake unaisha Juni. Mapeasi mengine ni ya msimu ujao.

Mchana nimeacha ugali nusu. Si kawaida yangu. Mwili huu ni ushahidi.

Jumamosi, 28 Februari

Nimemwambia mke wangu. Alicheka mpaka akaketi chini jikoni. Halafu akaacha, ghafla. "Huyo ni mtoto wa watu. Jumatatu umwambie. Mama yangu nitamwambia mimi."

Sijui lipi linaniogopesha zaidi.

Jumatatu, 2 Machi

Nimemwambia. Nilianza na mvua, nikapitia uhaba wa sato sokoni Mkuyuni, nikafika.

"Ndizi gani?"

"Za mama mkwe."

Akavuta daftari. Kisha akachukua kalamu. Zilikuwa ngapi? Ziliingia lini? Zilianza kugeuka siku gani? Kutoka kabatini mpaka rafu ya kwanza ni hatua ngapi? Ulikula ngapi, na lini? Nilijibu kama mtu aliyekamatwa. Aliandika yote, ndizi kwa ndizi. Hakupandisha sauti. Bora angenitukana.

Mwisho akafunga daftari. "Mzee, naomba unipishe."

Nikatoka. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameshika peasi, analiminya taratibu mpaka likapasuka. Tangazo langu lilimficha nusu ya uso.

Nimekuwa na aibu nyingi maishani, nyingine nimezisimulia na watu wakacheka. Hii sitaisimulia.

Jumanne, 3 Machi

Dokta alipiga. Sitaandika aliyoyasema, maneno mengine sikujua kama wasomi wanayo. Dodoma imefutwa. Mkuu wa kituo anataka barua ya kujieleza. Nimeiandika. Neno ndizi limetokea mara kumi na moja. Chumba cha joto siruhusiwi kuingia bila Nkwimba kuwepo.

Chumba cha chai kimeshajua. Jina langu sasa ni Mkungu. "Mkungu, karibu chai. Umekuja na kitafunwa au umekificha?" Nimecheka nao. Wana haki. Walidhulumiwa.

Ijumaa, 6 Machi

Nkwimba ananisalimia. Shikamoo, basi.

Kundi la baridi liko salama, halikuwa karibu na uchafu wangu. Anachohitaji ni kundi jipya la joto. Amepiga simu Lushoto siku tatu mfululizo. Leo kampata mkulima wa juu kabisa, kwenye ukungu, ambaye mapeasi yake huchelewa. Hajamaliza kuchuma. Nilijitolea kwenda kuyachukua. Akaniangalia kidogo.

"Hapana, mzee. Nitakwenda mwenyewe."

Imeniuma. Nilistahili.

Alhamisi, 12 Machi

Amerudi asubuhi. Kreti mbili, macho mekundu, tope la Usambara kwenye viatu. Njia nzima kreti zilikuwa miguuni pake. Abiria aliyepanda na parachichi zilizoiva alibembelezwa mpaka akahamia siti za nyuma. Nimecheka aliposimulia. Naye alianza kucheka, halafu akakumbuka anacheka na nani.

Chumba nilikisugua mara mbili kabla hajasafiri, yeye akiwa amesimama mlangoni. Kabati limeng'olewa. Dirisha lilikaa wazi siku tatu.

Jioni mama mkwe kapiga.

"Baba, kwa hiyo wenzako hawakuonja?"

"Hawakuonja, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akakata simu. Mke wangu kasema atapoa baada ya Pasaka. Hakusema ya mwaka gani.

Jumatano, 18 Machi

Siku ya sita. Magumu. Nimenawa mikono kabla ya kuingia kama daktari wa upasuaji.

Jumanne, 31 Machi

Siku ya kumi na tisa. Mapeasi ni magumu kama yalivyoshuka kwenye basi. Moja limeanza kusinyaa kwenye kikonyo. Mashine imemaliza saa tano. Mstari umelala chini, bapa, tangu siku ya kwanza mpaka leo. Jeni hazijaamka. Ya Lushoto yanatii vitabu kama ya watu wengine wote.

Hapakuwa na vigelegele. Nkwimba aliutazama mstari, akasema "haya", akaandika. Matokeo yenyewe kayaandika kwa mistari minne. Kundi lililoharibika kalitengea ukurasa mzima, ndizi na tarehe zake. Jina langu hakuliweka. Kaandika "fundi". Dokta amekubali; kasema angalau sasa tunajua gesi ikiingia jeni hizo huamka bila baridi, ingawa si hivyo alivyotaka kujua. Binti atawasilisha Mei, ndani ya muda wake. Si jambo la Dodoma. Lakini yeyote atakayerudia jaribio atakuta alichokikuta yeye.

Saa saba ilikaribia. Mapeasi sita yalikuwa bado kukatwa, yako rafuni, chumba cha joto. Nkwimba akavua koti lake jeupe, akalitundika.

"Malizia hayo, mzee. Mimi naenda kula."

Nikamwambia nitamsubiri mlangoni mpaka arudi, tuingie wote.

"Kwa nini?" akasema. "Si sita tu."

Akaenda. Nimeingia peke yangu. Nimekata sita, nimeandika namba zake, nimefunga mlango.