Zaina Ameandikwa Shuleni

Mama,

Amahoro, amani iwe nawe huko uliko. Ni mimi Ramadhani wako, mwenye kichwa kigumu. Hapa Rumonge sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu kuna maneno nilitakiwa kukuambia ukiwa hai, nikachelewa.

Siku ya matanga yako nilifanya ujinga. Unawajua watu wetu, salamu bila kukumbatiana si salamu. Nikamshika mwanangu Zaina mkono, nikampitisha kwa kila mgeni, ati mutoto wa miaka saba asiyesalimu wakubwa anamtia baba yake haya. Akalia, akaziba masikio. Mimi nikamvuta tu. Akamuuma shangazi Mwamini bega. Shangazi akasema huyu ana jini, apelekwe Nyanza-Lac akasomewe dua. Nami kwa ile haya nikakubali.

Kabla ya safari Zaina akashikwa na malaria. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimtazama sana, akaniuliza mengi: anaongea? Anapanga vitu mstari? Kelele zinamsumbua? Akasema hali hiyo inaitwa otisme, wengine wanasema usonji. Si jini, haiambukizi, wala si malezi mabaya. Amezaliwa hivyo. Kelele zote zinamwingia kwa mara moja, na kukumbatiwa ghafla kunamuumiza kweli. Nilikaa kwenye benchi nikalia mbele za watu, mwanaume mzima.

Nilikukumbuka wewe, Mama. Ulikuwa unakaa mkekani unachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, humwangalii Zaina, humwiti. Nikakugombeza kwamba unamharibu mutoto. Ukanijibu, "Muache, atakuja mwenyewe." Na kweli alikuja, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wako. Hukusoma hata darasa moja, lakini ulijua. Nisamehe.

Nyanza-Lac hatukwenda. Nilivaa koti langu la harusi nikaenda kwa direkta wa shule, yule aliyemkataa mwaka jana. Nikamweleza yote, mikono bado inanuka mawese ya kazini. Akatupa wiki moja ya kujaribu. Ijumaa akaniita, nikasema basi, yamekwisha. Kumbe mwalimu amewafundisha watoto wote kumsalimu Zaina kwa kuinua mkono, kila mmoja mahali pake, na Zaina amekaa darasani asubuhi nzima bila kulia. Direkta akaandika jina lake kwenye rejista, mimi naiangalia kalamu tu.

Haongei sana bado. Pengine hataongea sana kamwe, na hilo linaniuma, sikufichi. Lakini wateja wakiniuliza ana nini, nawaambia bila kushusha sauti.

Nakuahidi jambo moja. Jirani yetu wa nyuma bado anamfungia mwanawe chumbani, yule uliyekuwa unamsikia akigonga ukuta. Kesho naenda kubisha hodi.

Lala salama, Mama. Saa hii Zaina iko darasani.