Namba Tisa Haondoki Doha

Al Mansoura, Jumanne, 2013

Bahati yangu hata mchawi haiwezi. Timu ya taifa inanililia, nami ndiye niliyeikatalia! Ndivyo nilivyowaambia wenzangu chumbani, na Nakato, yule Mganda, akaacha kusuka.

"Dada, umekataa nchi yako?"

"Wanizoee? Mimi niko Doha, nakula kiyoyozi."

Asubuhi kocha alipiga simu kutoka Nairobi. Mshambuliaji wao kavunjika mguu, mechi ni Jumamosi ijayo, tiketi ipo. Mimi hapa, niliyewalaza chini mabeki wa Kampala na Lusaka! Nikakimbia ofisini kwa mudir, meneja wetu, na sare ya ulinzi mwilini. Pasipoti yangu iko kwenye droo yake, na bila saini yake sitoki nchi hii.

"Mpira? Wewe? Nani atakaa getini?" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ijumaa timu ya kampuni inacheza. Njoo utubebee maji."

Maji! Mimi!

Nilipotoka nililipiga teke pipa la taka, likabingirika mpaka barabarani. Shuti la kushoto bado lipo. Kisha nikaokota takataka zote kwa mkono, maana mfagiaji ni mzee wa Nepal na hana kosa.

Nina miaka thelathini na moja. Hawatanipigia tena.

Kocha nilimwambia ampe jezi yangu yule binti wa Kitale anayekaa benchi, na asimfokee akikosa bao.

Sikuikataa timu. Nilinyimwa ruhusa, nikaona aibu kusema.