Mguu wa Kushoto wa Faki

Jumapili, 3 Desemba 1995
Mazoezi baada ya alasiri, uwanjani kwetu Pujini. Ngoma ya msewe, kwa ajili ya harusi. Tuko saba, tulikuwa wanane. Kaka yangu Faki yuko Msuka kwa wakwe zake tangu mambo ya vyama yatugombanishe. Nilimwambia mguu wake usikanyage tena uwanja huu. Sijuti.

Misewe yake bado imetundikwa msumarini. Mama ndiye aliyezisuka njuga hizi za ukindu za kufunga vifundoni, zake na zetu sote, kabla macho yake hayajafa. Sasa anatujua kwa mlio.

Jumatatu, 4 Desemba
Tumecheza ovyo. Mama mkekani: "Alhamdulillahi, Faki karudi." Nimekasirika. Uzee huo.

Jumanne, 5 Desemba
Tena. "Namsikia. Mguu wa kushoto wachelewa, kama desturi yake. Mbona humwamkii nduguyo?"

Nimehesabu kwa kidole. Saba, pamoja nami. Nafasi ya Faki mstarini iko wazi na hakuna anayetaka kuisogelea.

Jumatano, 6 Desemba
Leo nimesikia mwenyewe. Sote tumesimama, mlio mmoja ukachelewa kusimama. Ubavuni kwangu. Nimekimbilia msumarini. Misewe ya Faki ina udongo mbichi.

Naogopa. Mama anafurahi, na furaha yake inanitisha zaidi.

Ijumaa, 8 Desemba
Baada ya sala nimekwenda Msuka. Faki yuko kitandani, homa tangu Jumatatu, kusimama hawezi. Mkewe anasema kila baada ya alasiri miguu yake hupiga godoro, na mwenyewe kalala fofofo. Nimefunua shuka. Vifundoni ana alama za kamba.

Nikasema shikamoo. Mimi, wa kwanza, baada ya miezi miwili. Imenitoka kwa taabu.

"Marahaba," akaitika, kama hapakuwa na neno baina yetu. "Mama hajambo?"

Nilitamani kulia. Nimemwambia arudi nyumbani.

Jumapili, 10 Desemba
Faki kaletwa kwa gari. Nimembeba mgongoni kutoka barabarani hadi mkekani kwa Mama. Hakukanyaga chini hata mara moja.

Tumecheza. Tumesimama. Kimya.

"Saba," Mama akasema.

Akapapasa, akaishika miguu ya Faki, akaanza kuipangusa vumbi kwa ncha ya kanga yake. Vumbi lilikuwa jingi. Alipangusa muda mrefu.