Mota Iliyoonekana kwenye Televisheni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Runyenjes, Wilaya ya Embu

Jina: Lydiah Igoki Njeru
Umri: Miaka 36
Elimu: Kidato cha nne
Kazi: Msaidizi wa maabara, Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Karuguta
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, shuleni
Lugha ya maelezo: Kiswahili

Leo ni Jumanne, tarehe 24 Juni 1997. Asubuhi hii kuna ukungu mzito na manyunyu. Nilipokuwa nikija sikuiona migomba ya kando ya barabara mpaka nilipoikaribia. Nimefika kituoni saa mbili na dakika kumi. Nimekuja na kitabu changu cha kumbukumbu za kila siku, ambacho nimekuwa nikikiandika tangu mwaka 1979 nilipomaliza shule. Tarehe na saa ninazozitaja zimo humo, na nimemwonyesha Konstebo Antony Mbaka kila ukurasa unaohusika.

Maelezo haya yanahusu mota ya waipa, yaani ya kifuta mvua cha kioo cha gari, ambayo Mzee Ephantus Njoka, mkulima wa hapa Runyenjes, aliripoti kuwa iliibwa kutoka kwenye pikapu yake. Anayeshukiwa ni mwanafunzi wetu, Gatakaa Mithika, mwenye umri wa miaka kumi na saba, wa kidato cha tatu. Mota hiyo imo ndani ya mashine aliyoitengeneza mwenyewe, na mashine imefungiwa katika stoo ya vielelezo ya kituo hiki tangu Ijumaa. Mashindano ya taifa ya roboti za wanafunzi ni keshokutwa, Nairobi. Gari la shule linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Mashine ikibaki hapa, Gatakaa atabaki.

Namfahamu Gatakaa tangu alipojiunga nasi mwaka 1995. Kwao ni Nchiru, Meru. Wenzake humwita Kwa Nini, kwa sababu ya maswali yake. Mwezi wa Februari mwaka huu alikuja maabara akaniambia anataka kutengeneza roboti ya kuchagua kahawa. Nilicheka. Nilimwambia roboti ni mambo ya Wajapani. Akasema, “Madam, mama yangu huchagua kahawa akiwa amepiga magoti juu ya gunia tangu nizaliwe. Yeye ni Mjapani?” Siku hiyo nilimpa ufunguo wa kabati la vifaa.

Mashine yenyewe ni hivi. Kuna mkanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, unaobeba matunda ya kahawa moja moja mbele ya taa. Kando ya taa kuna jicho la mwanga, nalo limefunikwa kwa karatasi nyekundu ya peremende. Tunda jekundu likipita, jicho huona mwanga unaorudi kutoka kwenye tunda, na tunda huendelea. Tunda bichi likipita, jicho huona giza, na mkono wa waya hulipiga teke likaanguka kando. Wasichana waliiita Karani, kwa sababu karani wa kiwanda cha kahawa ndiye humrudishia mkulima matunda mabichi. Walikuwa wakisema karani huyu ni bora kuliko yule, kwa kuwa huyu hajui shamba la mjomba wake ni lipi.

Mnamo tarehe 22 Machi 1997, siku ya Jumamosi, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne na nusu asubuhi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, mimi na Gatakaa tulifika katika gereji ya fundi Kithinji, nyuma ya soko. Tulikuwa tukitafuta mota ya kuvuta ule mkanda. Kithinji alikuwa ameinama ndani ya boneti ya pikapu ya kijani. Nilimwona kwa macho yangu akifunga mota mpya ya waipa. Ile ya zamani ilikuwa juu ya pipa.

Gatakaa aliuliza, “Fundi, hii ni ya nani?”

Kithinji akajibu, “Ya pikapu hii ya Mzee Njoka. Imeungua. Imekufa kabisa.”

“Naweza kuifufua?”

“Kwani wewe ni Yesu?”

Watu waliokuwa wamejikinga mvua pale wakacheka. Kithinji alipangusa mota kwa kitambaa, akampa Gatakaa mkononi na kusema, “Shika. Ikusaidie.” Tuliondoka saa tano kasorobo. Maneno hayo yamo katika kitabu changu, ukurasa wa tarehe hiyo.

Hapo ndipo penye kosa langu, na naomba liandikwe. Kila mwenye gari hapa kwetu anajua kwamba fundi akikubadilishia kifaa, hukupa na kile cha zamani. Unakiona, unakibeba mpaka nyumbani, hata kama utakitupa. Ndivyo unavyojua kwamba hujadanganywa. Marehemu baba yangu alikuwa na boksi zima la plagi zilizokufa chini ya kitanda, na mama hakuthubutu kuligusa. Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Sikumuuliza Kithinji kama Mzee Njoka amekubali mota yake itolewe. Niliandika tukio kitabuni nikaona kwamba kuandika kunatosha.

Gatakaa aliifungua mota maabara. Alifumua nyaya zilizoungua huku akihesabu kila mzunguko na kuandika ubaoni. Alizungusha nyaya nyingine alizozipata kwenye transfoma ya redio mbovu ya shule, akazifunga kwa uzi wa bluu aliouchomoa kwenye pindo la sketi yake ya sare. Mara tatu ilikataa. Mnamo tarehe 8 Mei, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ilizunguka. Alikaa sakafuni akaiangalia mpaka kengele ya chakula ikalia.

Mnamo tarehe 14 Juni, siku ya Jumamosi, tulikuwa Meru mjini kwa mashindano ya mkoa. Tulishika nafasi ya pili, na wawili wa kwanza ndio wanaokwenda Nairobi. Saa nane mchana watu wa televisheni walifika mezani petu na kamera. Wasichana walikuwa wamekariri majibu yote kwa Kiingereza, kama walivyofundishwa. Mtangazaji, mwanamke, alisema, “Jibu kwa Kiswahili, wazazi wasikie.” Gatakaa alinitazama. Niliitikia kwa kichwa.

Mtangazaji aliuliza mota imetoka wapi. Gatakaa akajibu, “Mota tulitoa kwa pikapu ya Mzee Njoka, kule Runyenjes.”

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikusikia kosa lolote. Kwetu sisi hilo ndilo neno. Mtu akikuuliza mbegu umepata wapi, unasema umetoa kwa jirani. Maziwa umetoa kwa shangazi. Hakuna anayefikiria kwamba uliingia kwa shangazi usiku.

Kipindi kilionyeshwa Jumatano, tarehe 18 Juni, saa kumi na mbili na nusu jioni. Tulikitazama katika ukumbi wa chakula, wasichana zaidi ya mia tatu mbele ya televisheni moja. Sehemu yetu ilikuwa dakika mbili kasoro. Karani ilipopiga teke tunda la kwanza, kelele zilikuwa nyingi hata sikusikia maneno yaliyofuata. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna moto.

Sikujua kwamba wakati huohuo Mzee Njoka alikuwa hotelini sokoni akinywa chai, televisheni ikiwa juu ya kabati. Haya alinieleza yeye mwenyewe jana. Jina lake liliposikika, hoteli nzima iligeuka. Mtu mmoja akasema, “Mzee, kumbe wewe ndiye stoo ya wasichana!” Mwingine akamwambia atoke nje aangalie kama pikapu bado ina matairi. Tangu siku hiyo anaitwa Stoo. Na Mzee Njoka alikuwa na sababu ya kuamini kuwa ameibiwa, kwa kuwa mwezi wa Machi alipodai mota yake ya zamani, Kithinji alimwambia kuna mtu ameiiba juu ya pipa.

Mnamo Ijumaa, tarehe 20 Juni, saa nne asubuhi, polisi wawili walifika shuleni. Walikuwa na adabu. Waliichukua mashine pamoja na mkebe wa matunda ya kahawa ya majaribio. Gatakaa aliisindikiza mpaka kwenye Land Rover akiwaonyesha mahali pa kushika ili jicho la mwanga lisivunjike. Gari lilipoondoka aliniuliza, “Madam, niliiba?”

Nikasema hapana.

“Basi mbona wamemchukua Karani?”

Tangu saa hiyo hajaingia darasani. Ameambiwa asubiri mpaka polisi watakaposema neno, kwa hiyo hukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, vitabu magotini. Wanafunzi wanaopita hapo huangalia chini.

Jana Jumatatu, tarehe 23 Juni, saa nane mchana, tuliitwa hapa kituoni. Tulikuwa watano: Konstebo Mbaka, Mzee Njoka, fundi Kithinji, Gatakaa na mimi. Mashine iliwekwa mezani ikiwa na karatasi ya kielelezo. Nilisoma kwa sauti ukurasa wa tarehe 22 Machi. Nilipofika kwenye “Shika, ikusaidie”, Konstebo alimgeukia Kithinji.

Kithinji alivua kofia. Alisema, “Ni kweli, nilimpa. Mzee alipoiuliza niliona aibu. Ningesema nimeigawa, angedai ile mpya ni ya zamani iliyopakwa rangi. Nikasema imeibwa ili yaishe.”

Mzee Njoka akasema, “Wewe tutaongea gerejini.”

Niliwaeleza jinsi tunavyolitumia lile neno “kutoa”. Konstebo alisema hata yeye akiulizwa soksi zake amezipata wapi, atasema ametoa kwa dada yake. Tulicheka, isipokuwa Mzee Njoka.

Alisema, “Nyinyi mnacheka. Mimi naitwa Stoo mpaka kanisani. Sina haja na kesi. Nataka huyu kairitu, msichana huyu, akienda Nairobi, na kamera zikiwepo, aseme kwamba ni mimi niliyempa mota. Akikubali, naondoa ripoti sasa hivi.”

Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo dogo. Nilimkanyaga Gatakaa mguu chini ya meza ili akubali. Aliuondoa mguu wake.

Alisema, “Mzee, naomba unisamehe. Siwezi kusema ulinipa. Hukunipa. Hata hukujua. Ile siku ya televisheni sikudanganya, nilisema vibaya tu. Nikisema hivyo ndipo nitakuwa nimedanganya.”

Nilimtazama Konstebo, naye alikuwa akiitazama kalamu yake. Niliona safari imekwisha, na nikajilaumu kwamba mimi ndiye niliyempeleka gereji.

Kisha Gatakaa akasimama. Akasema, “Lakini mota ni yako. Naijua ni yako. Naiomba leo.”

Mzee Njoka akauliza, “Kwani inafanya nini hasa? Pale hotelini sikuona, walikuwa wananipigia kelele.”

Konstebo aliruhusu mashine iunganishwe na betri ya Land Rover kupitia dirishani. Gatakaa alimimina matunda. Karani ilipitisha mekundu na kupiga teke mabichi. Mzee Njoka alivaa miwani. Alisema, “Rudia.” Ikarudiwa. Kisha yeye mwenyewe akachagua tunda lililoiva upande mmoja tu, akaliweka kwa siri katikati ya mekundu. Mkono wa waya ulilipiga mpaka likagonga kofia ya Konstebo. Mzee Njoka akacheka, akasema, “Hata mke wangu hilo lingempita.”

Gatakaa alifungua mota akamwonyesha nyaya na uzi wa bluu. Mzee alizigusa kwa ncha ya kidole. Aliuliza ni mizunguko mingapi, naye akamtajia. Akauliza nani alimfundisha, akasema kitabu kimoja cha maktaba na kukosea mara tatu.

Ilipofika saa kumi na dakika tano, Mzee Njoka aliinua mashine yote kwa mikono miwili, akamkabidhi. Alisema, “Chukua. Sasa ndiyo nimekupa. Konstebo amesikia na huyu mwongo wa fundi amesikia. Na wakikuuliza Nairobi, utasema nini?”

Gatakaa akajibu, “Nitasema tulipewa na fundi tarehe 22 Machi bila Mzee Njoka kujua. Halafu Mzee Njoka mwenyewe akatupa tarehe 23 Juni.”

Mzee alifikiri. “Hiyo ni ndefu kwa televisheni.”

“Nitasema haraka.”

Baada ya hapo Konstebo aliichukua tena mashine na kuirudisha stoo. Alitueleza kwamba faili haifungwi kwa watu kupeana mikono. Ni lazima maelezo ya shahidi yaandikwe na mkuu wa kituo aamue. Ndiyo sababu nimekuja mapema leo. Gatakaa yupo hapo nje kwenye baraza tangu saa mbili. Mzee Njoka pia yupo. Nimewaona kupitia dirishani wakiongea, na naamini mzee ndiye anayeuliza maswali.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, na la kosa langu sikulificha. Nimesomewa yote nikasahihisha tarehe moja. Ukurasa wa jana umo pia kitabuni, kama Konstebo atauhitaji: niliumaliza saa nne na robo usiku, nikapiga pasi sketi ya Gatakaa iliyochomolewa uzi baada ya kushona pindo lake, na nikalala saa tano na dakika ishirini.

Sahihi: L. Igoki Njeru

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Antony Mbaka, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne na dakika kumi asubuhi, tarehe 24/6/1997. Shahidi ameyathibitisha na kutia sahihi mbele yangu. Mlalamishi ameondoa ripoti kwa maandishi. Mkuu wa kituo ameagiza faili ifungwe bila mashtaka, na shule iarifiwe leo kwamba mwanafunzi hana kosa. Mashine moja na mkebe mmoja wa matunda ya kahawa vimekabidhiwa kwa Gatakaa Mithika saa tano na robo. Mlalamishi ameomba kuvibeba mpaka shuleni kwa pikapu yake. Ameruhusiwa.