Nimepona kwa Siri, Sasa Wifi Ana Uvimbe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa ukiniona leo utajiuliza huyu asaidiwe nini, maana nimenenepa, nywele zimerudi na cherehani yangu inalia kutwa. Mimi ni fundi wa nguo za kike kijijini kwetu. Mwaka jana niligundulika nina saratani ya titi, hospitali inayoitibu iko mbali, mume wangu ni seremala wa kawaida tu, tukawa tumeshakata tamaa mpaka nesi wa zahanati akatuunganisha na chama cha hisani kinachosaidia wagonjwa wa vijijini, watu wasionijua kwa baba wala kwa mama, wakanilipia matibabu, wakanifuata kwa gari lao, wakanipa kitanda katika nyumba waliyopanga nyuma ya hospitali ili tusilale koridoni, na humo alikuwamo mama mmoja wa kujitolea tuliyemwita Mama Funda, kwa sababu kila tukirudi kutoka kwenye dripu matumbo yamechafuka tulimkuta mlangoni na kikombe cha uji, anasema, "Kunywa funda moja tu, la pili tutalijadili," nami nacheka ingawa hata nguvu za kucheka sina. Titi walilikata, mshauri, na nilipopata nafuu nikajishonea jingine la kitambaa na pamba, wenzangu walipoliona wakalitaka, nikawashonea wote mle ndani, nikajiona mtu tena. Watu wale nawaombea kila ninapotunga uzi kwenye sindano.

Shida ni kwamba hapa kwetu, mbali na mume wangu na yule nesi, hakuna anayejua. Mume wangu aliwaambia ndugu zake nimekwenda kumuuguza dada yangu, na si kwa ubaya, maana kidonda changu alikisafisha kwa mikono yake mwenyewe, ila alisema, "Watu wakisikia saratani wanakuzika ungali unapumua. Umepona, tunyamaze." Nikakubali.

Sasa juzi dada yake, yaani wifi yangu, alikuja nimpime gauni la harusi ya binti yake, na nilipopitisha futi kamba kifuani akaniambia, "Upande huu shona legevu kidogo, wifi, pana kitu kimeota. Hakiumi lakini." Mshauri, changu pia hakikuuma. Nilipomsihi aende zahanati akacheka, "Tangu umuuguze dada yako umekuwa daktari. Harusi ipite kwanza." Nilikwenda kumweleza mume wangu kwenye karakana yake, akaendelea kupiga randa ubao ambao ulishanyooka zamani, mwisho akasema naye, "Harusi ipite." Nikisema, namfanya mume wangu mwongo mbele ya ukoo mzima na harusi naivuruga, na nikinyamaza, hizo shukrani ninazowapa watu wale ni shukrani gani? Nifanyeje?

Fundi Niliyepona

*

Marahaba, fundi wangu.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake gazetini, kwa sababu uvimbe hauna foleni. Nilikupigia simu siku ileile niliyoisoma, na kwa ruhusa yako nayaandika hapa tuliyosema, wengine nao wasikie.

Pole, na hongera. Mumeo ni mtu mwema, lakini wema nao hukosea njia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi mmekwenda mbali zaidi, mmeficha kupona. Wifi yako anaikimbia saratani kwa kuwa wote aliowasikia wameugua wakafa. Aliyeugua akapona ni wifi yake mwenyewe, anamshonea nguo, naye hana habari. Hapo nilikukaripia, na ulistahili.

Nilikuambia umwambie mumeo, "Nakwenda kwa dada yako, twende wote au nitangulie." Ruhusa usiombe, mwili ni wako na kovu ni lako. Nikakuambia usianze na uvimbe wake, anza na wewe.

Wiki hii umenipigia. Mumeo alikwenda nawe, akaanza yeye kusema, wewe ukamalizia. Wifi yako alikasirika kwanza: "Mwaka mzima mnanifanya mgeni?" Kisha akaomba kuliona kovu, na alipoliona akakukumbatia. Gari la chama limemfuata, amepimwa, na ni saratani kweli, ila imewahiwa, na madaktari wanasema inatibika. Binti yake amesema harusi itamsubiri mama. Uliniambia haya huku unalia, nami upande wa pili sikuwa mkavu.

Sasa sikiliza, kazi bado. Nywele zikianza kumnyonyoka usimhubirie, kaa naye tu. Mumeo aende mwenyewe kwa wazee wa ukoo akaseme alichoficha. Usimsemee, anao mdomo. Na chama kile usikitumie salamu za shukrani peke yake. Waite kijijini, waandalie mahali pa kukaa na wanawake, usimame mbele ya wenzako useme, "Mimi niliugua, nikatibiwa, nipo." Sauti itatetemeka. Sema hivyohivyo.

Na wewe msomaji, ambaye mkono umeshakwenda kifuani: ukigusa kitu, zahanati inafunguliwa asubuhi. Mchukue dada yako au shoga yako, mwende.