Mfumo Umetufanya Mmoja

Doto, pacha wangu uliyetangulia,

Salamu za heshima sikupi, maana mimi ndiye niliyetoka kwanza tumboni, na ubishi huo hukuwahi kunishinda. Nyumbani Cheyo sote ni wazima. Mama bado anakasirika mtu akikuita marehemu mbele yake.

Nimekaa ofisini, simu mezani, nasubiri ilie. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ulivyoitengeneza ile programu ya zahanati zetu, tumejibana chumbani kwa mama, feni ina kelele kuliko upepo? Kila ulipotaka kubadili majedwali ya kanzidata, lile ghala la taarifa za wagonjwa, ulianza kujaribu kwenye nakala yake. Ukimaliza unanigeuzia kompyuta. "Kulwa, hebu tutafute sisi." Ulikuwa umetusajili wote wawili kama wagonjwa: baba mmoja, simu moja ya mama, tarehe moja ya kuzaliwa. Tukionekana wawili, ndipo unathubutu kuweka toleo jipya kwenye kanzidata yenyewe. Mama naye mlangoni: "Doto baba, njoo ule, hao watu wa kwenye kompyuta hawana njaa." Nilikucheka sana kwa uoga wako. Leo nautamani.

Ulipoondoka, programu ilikabidhiwa kampuni moja ya Dar. Wameyapanga majedwali upya: wagonjwa wanaolingana jina la baba, simu ya mama na tarehe ya kuzaliwa huhesabiwa ni mtu mmoja aliyesajiliwa mara mbili, na majalada yao huunganishwa. Unyamwezi huku, Doto! Ambako kila kijiji kina mapacha wake, wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Niliomba nakala nijaribu. Bosi wangu hapa ofisini akacheka.

"Dada Kulwa, siku hizi programu zinajisasisha zenyewe. Wenzetu wameshajaribu huko."

Walijaribu kwa majina ya kubuni, na katika kubuni kwao hakuna aliyezaa mapacha.

Leo asubuhi nimefungua mashine, nikakuta toleo jipya limeshaingia kwenye zahanati zote. Nikatutafuta. Tulikuwa mmoja. Jina langu, na mbele yake neno "amefariki".

Kisha nikawakumbuka wale mapacha wa Igalula, mabinti wa mfuga nyuki. Doto wao akichomwa penisilini hubanwa pumzi. Mara ya mwisho aliponea chupuchupu. Tahadhari yake uliiweka wewe mwenyewe, kwa rangi nyekundu. Nimeitafuta, haipo. Mfumo umebakiza jalada lililofunguliwa kwanza, la Kulwa, ambaye hana tatizo lolote; kutoka la pili huchukua habari ya kifo tu, tahadhari huziacha.

Nikampigia mama yao.

"Tumerudi sasa hivi, dada. Doto koo lilikuwa linamuuma, kachomwa sindano. Ila midomo imemvimba, nadhani nyuki kamuuma hapa nje."

"Mama Kulwa, siyo nyuki! Mrudishe zahanati, kimbia!"

Simu ikakatika. Nikampata muuguzi. Akasema kwenye jalada hapakuwa na onyo lolote, akaanza kulia, nikamfokea aache kulia awakimbilie na dawa. Tangu hapo hakuna anayepokea. Bosi amepita hapa mara mbili, ananiuliza kama nimekunywa chai.

Naogopa, Doto. Tangu tulipokuzika sijaogopa hivi. Nimekulilia mara nyingi, lakini sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Akitokea huko mtoto wa kike amevimba midomo, akakwambia na yeye anaitwa Doto, usimpokee. Mgeuze, arudi kwa mwenzake.

Pacha wako niliyebaki,
Kulwa